Vasi za mwembe uliochorwa na kuvu: shajara ya karakana, Igoma, Mwanza

19 Novemba 2023: mwembe umelala

Upepo wa juzi usiku, ule uliotangulia mvua, umeulaza mwembe wa Mama jirani. Ni mti wa zamani, shina lake siwezi kulikumbatia peke yangu. Asubuhi nilipokwenda kumpa shikamoo na pole alikuwa ameshaamua: "Baba, matawi niachie nipate kuni. Hilo shina nitolee uani, wala sitaki hela yako." Nimekubali kabla hajamaliza kusema, maana kuna jambo nimelitamani miaka mitatu sasa.

Mti mweupe ukianza kuoza, kuvu zinazoingia ndani yake huchora. Kuvu moja ikikutana na nyingine hujenga ukuta mwembamba mweusi wa kulinda eneo lake, na ukipasua mbao unaziona kuta hizo kama mistari ya wino. Katikati ya mistari mbao imepauka, au imeingia rangi ya kahawia, au kijivu chenye ubuluu. Wakereza wa nje, yaani mafundi wanaochonga mbao ikizunguka kwenye mashine, huiita spalti. Huko Marekani Melvin Lindquist na mwanawe Mark walikuwa mstari wa mbele kuiheshimisha kwenye vyombo vya kukereza miaka ya 1970. Kwetu bado inakwenda jikoni. Mimi na mpwa wangu tunaiita mbao ya ramani, kwa sababu kipande cha kwanza nilichokiona, kwenye rundo la kuni, kilikuwa na mstari uliojikunjakunja kama ufuo wa Ukerewe kwenye ramani ya ukutani tuliyosomea shuleni.

Nataka kukereza vasi za maua za mapambo kutoka kwenye mwembe huu, baada ya kuuozesha mwenyewe kwa makusudi. Nitaandika kila hatua na gharama yake ili mwenye mwembe wake aweze kufuata.

Gharama za leo: mwenye chenso 35,000, guta safari mbili 24,000.

26 Novemba 2023: mapipa mawili na rundo moja

Tumepata vipande 24, kila kimoja urefu wa sentimita 30 hivi. Kila gogo tumelipasua katikati na kukitoa kiini, kwa sababu nyufa nyingi za mwembe huanzia kwenye kiini na kukimbilia nje. Magome tumeyaacha.

Tahadhari: utomvu wa mwembe ni mkali. Nilifanya kazi nikiwa na mikono mitupu, na leo nina vipele kuanzia viganjani hadi viwikoni. Vaa glovu na shati la mikono mirefu.

Vipande vimegawanywa hivi. Tisa vimeingia pipa la kwanza, nikamwagia ndoo mbili za maji na kukaza kifuniko. Tisa vimeingia pipa la pili, nikajazia maranda ya karakana yaliyoloweshwa. Sita vimelala juu ya udongo nyuma ya karakana, vimefunikwa turubai. Mapipa yako ndani, chini ya bati. Mapipa mawili ya plastiki ya lita 200 ni 80,000, turubai 15,000.

(Nyongeza ya baadaye: njia zote tatu zilikuwa na kosa. Usizifuate, soma mbele.)

14 Januari 2024: nimefungua

Wiki saba zimepita. Pipa la kwanza lilinuka kama muhogo uliovundikwa ukasahauliwa. Vipande vilikuwa na utelezi wa kijivu kwa juu, na mpwa wangu alidhani ndani vimekwisha. Nilipokata kimoja katikati, mbao ilikuwa nyeupe na ngumu kama siku ile ilipotoka uani kwa Mama. Hakuna mstari hata mmoja. Wiki saba za uvundo, na kuvu haijaingia hata sentimita moja.

Pipa la pili lilikuwa baya kwa namna nyingine. Ncha za vipande vyote zilikuwa zimefunikwa ukungu wa kijani, unga mtupu, ukipuliza unapaa. Ukungu huo unakaa juu tu, hauchori, na mbaya zaidi unazikalia nafasi kuvu zinazochora. Nilipoyachambua maranda niliona nusu yake ni ya mninga. Mninga ni mbao inayopendwa kwa sababu haiozi upesi, nami nimeuchukua unga wake nikauweka kama kitanda cha uozo.

Rundo la nyuma sikuligusa. Turubai lilikuwa safi kwa nje, nikaona niliache litulie. Hilo nalo nitalilipia.

4 Februari 2024: Igombe, kwa mjomba

Nimekwenda Igombe kumwona mjomba wangu, fundi wa mitumbwi. Sikwenda kwa ajili ya mradi, lakini nilipomweleza habari ya pipa la kwanza aliacha kazi, akanishika mkono mpaka kwenye mtumbwi mmoja mkuukuu uliovutwa nchi kavu. Akachomoa kisu. Akachoma mbao ya ubavuni kwa nje, chini kabisa, pale panapozama siku zote: kisu kiligoma, kikaacha alama tu. Akachoma ukingo wa juu unaopigwa jua: kikagoma tena. Kisha akainama ndani, pale maji ya mvua na ya kuvuja hukusanyika yakakauka, yakakusanyika tena, akasukuma kwa kidole gumba tu. Kisu kikaingia mpaka kwenye mpini, na kilipotoka kilitoka na nyuzi nyeupe laini kama pamba.

"Mjomba," akaniambia, "mbao ikizama haiozi. Ikikauka haiozi. Inaoza hapa, maji na hewa vinapogombania." Akanionyesha na nguzo za gati la zamani: chini ya maji ni nene, juu ni nene, na pale mawimbi yanapocheza zimekonda kama kiuno cha nyigu.

Nilikuwa najua kwamba kuvu inataka unyevu, hewa na joto, na kwamba mbao ikishuka chini ya asilimia 20 ya unyevu kuvu hulala. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba maji yakizidi yanaifukuza hewa. Mti mbichi una maji yake ya kutosha. Mimi niliuongezea ndoo mbili na kukaza kifuniko.

Marekebisho tuliyoanza siku ileile jioni:

Nilipasha nondo moto nikatoboa kila pipa matundu kumi na mawili, manne yakiwa chini ili maji yatoke. Ndani tuliweka matofali, vipande vikae juu yake bila kugusa sakafu. Vipande vya pipa la kwanza tuliviacha kivulini siku mbili vipunguze maji. Vya pipa la pili tulivisugua kwa brashi, tukakata sentimita mbili kila ncha kuuondoa ule ukungu, na maranda yote tukayatupa.

Mbegu ya kuvu tuliitoa kulekule mti ulikotoka. Chini ya mwembe kulikuwa na tawi lililoanguka misimu kadhaa iliyopita, lenye uyoga mgumu kama masikio ubavuni. Nililikata visahani vyembamba, nikaweka kisahani kati ya kila vipande viwili, ncha kwa ncha, kama nyama kwenye mkate. Nafasi zilizobaki nilizijaza majani ya mwembe yaliyokwisha kuanza kuoza. Kuvu huingia kwa kasi kupitia ncha, kwenye mirija ya mti, kuliko kupitia ubavuni.

Mwisho tuliyahamisha mapipa. Chini ya bati mchana ni tanuri, na joto kali huidhoofisha kuvu kama baridi inavyoidhoofisha. Nyuma ya nyumba yetu kuna majabali mawili yaliyoegemeana, jua haliingii hapo mwaka mzima. Wenye nyumba Mwanza tunalalamikia mawe haya kila tunapotaka kujenga. Safari hii yamenipa stoo yenye joto lisilobadilika, na sijalipa chochote.

16 Machi 2024: mashine ya kukerezea

Wakati mapipa yanafanya kazi, tumejenga mashine. Fremu ni chuma cha channeli kilichochomelewa, mota ya mtumba ya nguvu farasi moja, shafti imekaa kwenye beringi mbili za kufungwa kwa boliti. Mota 160,000, beringi na vikalio vyake 48,000, shafti na fundi wa kukereza vyuma 70,000, puli na mkanda 42,000, chuma na kuchomelea 120,000. Jumla 440,000. Hii ndiyo gharama kubwa ya mradi wote. Mwenye mashine tayari anaweza kuanza kwa pesa kidogo sana.

Kuhusu mwendo: mota yangu inazunguka mara 1,420 kwa dakika. Kwa kipande cha upana wa sentimita 20 ambacho bado hakijawa duara, huo ni mwendo wa kuumiza mtu. Nimeweka puli ya milimita 75 kwenye mota na ya milimita 150 kwenye shafti, nikapata mizunguko 710. Kipande kikishatulia nahamisha mkanda kwenye puli mbili zinazolingana. Hiyo inatosha kwa kazi hizi.

Kosa la hatua hii ni patasi. Nilichukua tupa kuukuu, nikainoa ncha yake iwe patasi ya kukerezea, kama nilivyoona mafundi wawili watatu wakifanya. Siku ya pili, nikijaribu kipande cha mkaratusi, tupa ilikatika sentimita tano kutoka mbele ya kidole changu, na kipande chake kikatoboa ndoo ya plastiki iliyokuwa ukutani. Chuma cha tupa ni kigumu lakini hakipindi hata kidogo. Kikikwama kwenye mbao inayozunguka, kinakatika kama kigae. Naomba sana asiwepo wa kulirudia hili. Nimenunua springi bapa za gari vipande vinne kwa 20,000, mhunzi amenitengenezea patasi tatu na chombo kimoja kirefu cha kuchimbia ndani, 45,000. Mbele ya hicho kirefu tumechomelea kipande cha keekee ya chuma iliyovunjika, ambacho hukaa na makali muda mrefu.

31 Machi 2024: mchwa

Leo nimelifunua lile rundo la nyuma. Vipande vinne kati ya sita vimekuwa maganda, ndani mna udongo tu. Mchwa waliingilia chini, wakaniachia gome la nje likiwa zima kabisa. Viwili vilivyopona ni vile vilivyokuwa juu ya wenzake, na kwenye ncha zake nimeona alama za kwanza za mistari. Nimevihamishia kwenye mapipa. Huku kwetu mbao isilale juu ya udongo hata kama ni mahali pa kuozesha. Hilo vitabu vya nchi za baridi havilisemi kwa sababu hawana haja nalo.

12 Mei 2024: mavuno

Tangu Februari nimekuwa nikikata kisahani kimoja chembamba kila baada ya wiki mbili kutoka kwenye kipande kilekile na kukitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Wiki ya nne: kijivu tu, kama mtu amemwaga maji ya jivu. Wiki ya nane: mistari ya kwanza, myembamba kuliko uzi, karibu na ncha. Wiki ya kumi: mistari imefika katikati na mbao imeanza kupauka kati yake. Ningevuna hapo. Kukatokea msiba Bariadi, na shughuli zake zikanishikilia wiki tatu. Mvua za masika hazikupumzika, joto halikupungua.

Niliporudi nilikagua vipande vyote ishirini kimoja kimoja. Kipimo ninachokitumia ni kucha na sikio. Bonyeza kucha ya gumba kwenye ncha ya kipande: ikiacha alama hafifu, mbao iko tayari, na ikizama umechelewa. Kisha gonga kwa mpini wa nyundo. Mbao nzima inaitikia kwa mlio, iliyooza haijibu kitu. Vitano havikujibu. Vyote ni vya pipa la pili, na ndani yake mbao ilikuwa nyepesi kama mkate mkavu. Michoro yake ilikuwa mizuri kuliko yote. Niliviweka mezani nikavitazama kwa muda mrefu kabla sijavipeleka kwa Mama vikawe kuni.

Maelekezo ya Ulaya na Marekani husema miezi mingi, wengine mwaka na zaidi, kwa sababu kuna majira ambayo kuvu imelala. Kwetu hailali. Kwa hali ya mapipa yangu wiki kumi zilitosha, na kumi na tatu zilizidi kwa robo ya vipande.

Mapema leo nimekata kipande cha kwanza kati ya vile kumi na tano vizuri. Gome likatoka kwa mkono. Chini yake kulikuwa na mstari mweusi unaoanza kwenye kifundo cha tawi, unapanda, unagawanyika mara mbili, na mmoja wao unafunga duara dogo lisilo na kitu ndani. Kisiwa. Mpwa wangu alikiwekea kidole akasema, "Ukara hiyo." Nimekiwekea alama, kitakuwa vasi ya mwisho.

26 Mei 2024: kukereza mara ya kwanza, na kipande kilichoruka

Vipande vyote vinakerezwa umbo la awali vikiwa bado na unyevu, ukuta mnene, ndipo vikaushwe. Kanuni ya wakereza ni kuacha unene wa sehemu moja ya kumi ya upana. Mbao hii imelegea kidogo, kwa hiyo kwenye upana wa sentimita 20 nimeacha milimita 25.

Kipande cha nne kilinifundisha. Nilikifunga kwa skrubu sita kwenye sahani ya chuma kama vitatu vya kwanza. Nilikuwa nachimba ndani, patasi ikakwama kidogo tu, skrubu zote sita zikachomoka kwa pamoja, zimeshika unga. Kipande kilipita juu ya bega langu la kushoto kikagonga ukuta wa bati nyuma na kuacha bonde. Kitako cha kipande kile kilikuwa kimeoza kuliko sehemu nyingine, nami nilipima ncha ya juu tu.

Sasa nafanya hivi kwa kila kimoja. Nasawazisha kitako, nagandisha juu yake kipande cha mninga cha unene wa sentimita nne kwa gundi nyeupe, nakibana usiku kucha, na skrubu zinaingia kwenye mninga peke yake. Mbao iliyochorwa haishiki skrubu, mninga unashika. Kazi ikiisha mninga unakatwa na kutumika tena. Mkia wa mashine, ile ncha inayokishika kipande upande wa pili, unabaki umekaza kipande mpaka dakika ya mwisho kabla ya kuchimba. Nimenunua pia kinga ya uso ya plastiki nzito na barakoa za N95, jumla 38,000. Hizo zilipaswa kununuliwa kabla ya mota.

Barakoa si jambo la hiari. Siku mbili za kwanza nilifunga kitambaa tu, nikakohoa usiku mbili mfululizo. Vumbi la mbao hii lina mbao na kuvu kwa pamoja, na mwembe wenyewe unawasha. Tunafungua milango yote miwili, na mpwa wangu hafagii mpaka vumbi litulie na yeye amevaa.

25 Agosti 2024: kukausha

Hapa nimepoteza vinne. Vasi kumi na nne za awali zilitoka kwenye mashine mwishoni mwa Mei, na mvua zikakatika. Sita za kwanza nilizipanga kwenye rafu karibu na dirisha linalotazama ziwa. Upepo wa Juni unaingia mchana kutwa, mkavu, na ndani ya siku tano nne zilikuwa zimepasuka kuanzia mdomoni. Ufa mmoja ulikuwa mpana wa kupitisha sarafu. Mbao inapokauka kwa nje kabla ya ndani, nje inasinyaa na ndani inakataa, lazima kitu kipasuke.

Kumi zilizobaki zilipata matunzo mengine. Nimeyeyusha mishumaa nikapaka nta kwenye midomo na vitako, mahali ambapo nyuzi zimekatwa na maji hutoka kwa kasi. Kila moja imeingia mfuko wa karatasi wa saruji uliokung'utwa vizuri, pamoja na maranda makavu ya mwembe uleule, mdomo wa mfuko umekunjwa. Mifuko imekaa sakafuni, kona isiyo na upepo. Kila wiki naitoa, naipima kwa mizani ya duka, narudisha. Ile yenye kisiwa ilikuwa gramu 2,140 mwanzoni mwa Juni, gramu 1,420 katikati ya Julai, na wiki tatu hizi imesimama kwenye 1,190. Uzito ukisimama, mbao imekauka. Na kuvu imekwisha kulala, mchoro hautaongezeka tena.

Moja ilionyesha vitundu vidogo kama vya sindano na unga chini yake. Imebunguliwa. Niliitenga mara moja, nikaifunga kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuiacha juani juu ya jabali siku tatu mfululizo. Unga haujarudi.

22 Septemba 2024: kumalizia, na wadudu wa ziwani

Kukereza kwa mwisho kumekuwa kwa polepole sana. Tatizo ni nyuzi kuchomoka. Katika vasi moja una sehemu ngumu na sehemu laini zinazopakana mstari kwa mstari, na patasi inayokata vizuri ngumu inang'oa laini na kuacha shimo lenye manyoya. Msasa hausaidii, unachimba laini na kuiacha ngumu, ukuta unakuwa wa mawimbi. Nilijaribu supa gluu kwenye sehemu laini. Inafanya kazi, lakini vasi moja ilimeza chupa tisa ndogo na kuacha mabaka meusi. Kilichofaa ni sila ya maseremala, ile rangi angavu ya kuzibia mbao, iliyokatwa na tina (kiyeyusho cha rangi) nusu kwa nusu. Unalowesha sehemu laini mpaka isinywe tena, unaacha mpaka kesho, unanoa patasi upya na kukata kidogo sana, kutoka pana kwenda nyembamba. Nanoa kila baada ya dakika tano. Ukuta wa mwisho ni milimita 8.

Rangi nayo ilinipa somo. Vasi ya kwanza niliipaka mafuta ya kitani kwa sababu nayapenda kwenye mninga. Yaligeuza weupe wote kuwa njano ya chai, na mistari iliyokuwa wino ikawa kahawia juu ya kahawia. Tangu hapo: tabaka tatu nyembamba za sila, msasa laini kati yake, kisha nta ya nyuki ya Tabora na kitambaa. Weupe unabaki mweupe. Ukitumia mafuta ya kitani kwenye kazi nyingine, matambara yake yatandaze nje yakauke, usiyakunje na kuyatupa kona moja, maana yanaweza kujiwasha yenyewe.

Kisha usiku wa tarehe 14. Nilikuwa nimepaka sila ya mwisho vasi tatu, nikaziacha mezani taa ikiwaka na dirisha wazi ili harufu ya tina itoke. Wakazi wa ufukweni mnajua kitakachofuata. Wale wadudu wadogo wa ziwani walikuja kama moshi, wakaifuata taa, na asubuhi vasi zote tatu zilikuwa na manyoya meusi mwili mzima. Mamia, kila mmoja amekwama na mabawa yake. Ile ya kisiwa ilikuwa mojawapo. Nilisubiri sila ikauke kabisa, nikairudisha kila moja kwenye mashine, nikaondoa tabaka lote kwa msasa na kupaka upya. Siku mbili za kazi. Sasa napaka asubuhi, na kabla ya magharibi ziko ndani ya kabati.

20 Oktoba 2024: hesabu

Vipande 24 vimetoa vasi 10. Vinne vimeliwa na mchwa, vitano vimeoza kupita kiasi, kimoja kimeruka, vinne vimepasuka.

Gharama yote: kukata na kusafirisha 59,000, mapipa na turubai 95,000, mashine 440,000, patasi 65,000, kinga 38,000, na msasa, gundi, sila, tina, mafuta na nta 71,000. Jumla 768,000, bila umeme na bila kujilipa. Vasi tano zimeuzwa, tatu kwa 40,000 na mbili kwa 65,000, jumla 250,000. Waliozichukua ni nyumba moja ya wageni Kapripointi. Nimewaeleza wazi kwamba hazitiwi maji moja kwa moja. Anayetaka maua mabichi nampa chupa ndogo ya plastiki inayokaa shingoni. Wao wameweka mafunjo makavu, na mashada yake yamekaa vizuri kwenye shingo nyembamba.

Moja nimempelekea mjomba Igombe. Aliishika, akaipindua, akaibonyeza kitakoni kwa kucha kabla ya kusema lolote, kisha akaiweka juu ya redio yake. Ile ya kisiwa ni ya Mama. Nilimpa mikononi, akaitafuta sehemu ya kukaa nayo mwangani, akaufuata mstari kwa kidole mpaka ulipojifunga. "Huu ndio mwembe wangu?" akauliza. Nikamwambia ndio wenyewe. Akaniuliza tena.

Mzigo wa pili umeingia mapipani tarehe 6 mwezi huu: vipande 18 vya mwembe wa Buhongwa uliokatwa kupisha nyumba, na mbegu ya kuvu safari hii ni maranda niliyoyahifadhi ya vasi za kwanza. Yote yako juu ya matofali, kati ya majabali. Kisahani cha kwanza nitakata tarehe 3 Novemba, na kuanzia wiki ya nane nitakata kila wiki. Mpwa wangu amefundishwa kipimo cha kucha, ili nikisafiri avune bila kunisubiri.